Mwalimu Aliyesoma Kila Likizo

Jina lake ninalo. Majina ya watu hayanipotei. Ukiniuliza wapangaji waliopita kwa ile nyumba ya mbao ya nyuma nitakutajia wote, pamoja na watoto wao, na ng'ombe niliyekuwa nakama wakati huo. Lakini huyu sitamtaja, kwa sababu hapa kwetu, nje kidogo ya Keringet, hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mume wangu Kibet, ambaye alizoea kuita kila mtu kwa jina la babake, huyu alimwita Mwalimu tu. Na Kibet alipotuacha, Mwalimu ndiye aliyesoma historia ya marehemu pale kaburini, kwa sauti ile ile ya kuita majina ya watoto asubuhi, mpaka watu wengine nyuma wakajibu bila kujua.

Alizaliwa wapi na nani, hayo ni yake. Mimi nilimjua kuanzia koti. Lilikuwa koti la kijivu la kiume, refu, na alilivaa mwaka mzima kwa sababu baridi ya kwetu haingoji Julai. Siku hizo za zamani mkono mmoja ulikuwa na fimbo. Viboko vilipokatazwa aliingiza mikono yote miwili kwa mifuko na hakuitoa tena darasani isipokuwa akiandika. Nilimuuliza kwa nini anasimama mbele ya watoto kama mtu anayetafuta funguo. Akaniambia yeye amesikia tangazo, lakini mikono bado haijasikia.

Alikuwa mkali. Lazima niseme hivyo, kwa sababu watu wakistaafu wanageuzwa malaika. Na kuna jambo lingine ambalo nitalisema mapema. Chebet wangu, kitinda mimba, alianzia kusoma darasani kwake, mwaka ule ule Mwalimu alipokuja kupanga kwangu. Mtoto alikuwa mwerevu nyumbani. Alijua njia zote, alijua ng'ombe gani anapiga teke. Lakini kalamu ilimshinda. Herufi alizigeuza, nyingine zikatazama nyuma, nyingine zikalala. Akarudia darasa la pili, akarudia tena. Siku moja jioni Mwalimu alinifuata kwa zizi nikikama. Aliongea taratibu, na naamini alidhani ananisaidia.

"Mama Chebet, huyu mtoto ni mzito. Usimtese na vitabu. Mfundishe kazi ya mikono."

Mimi niliishia darasa la tatu. Ningebisha na nini? Chebet akaweka chini mkoba, akashika jembe.

Miaka ikaenda. Halafu, ukubwani, Mwalimu mwenyewe akaenda kufundishwa kwamba lile neno alilonipa pale kwa zizi halikuwa neno la kweli. Mimi nikajua kwamba amefundishwa, na yeye akajua kwamba nimejua. Tangu siku hiyo nilikuwa namngoja aniambie kwa mdomo wake kwamba alikosea. Tuliishi boma moja, tukachota maji kwa tanki moja, nami nikingoja.

Sasa hizo semina. Mtu wa nje hawezi kuelewa vile zilimmaliza. Watoto wakifunga shule, watu wanasema walimu wamepata kupumzika. Kwa huyu, shule ikifunga ndio mkoba unatoka chini ya kitanda. Mwezi wa nne semina, mwezi wa nane semina, na Desemba watu wakichinja yeye yuko Molo kwa ukumbi wenye madirisha yasiyofunga, amekalia kiti cha mtoto, anafundishwa kufundisha. Mtaala ulipobadilishwa ndio zikawa nyingi zaidi. Leo ni namna ya kufundisha hesabu kwa kucheza, kesho ni namna ya kuandika ripoti ya mtoto bila kumwambia amekuwa wa mwisho, keshokutwa ni kurudi kwa ile ya kwanza kwa sababu waliokuja kufundisha wamebadilishwa. Alikuwa akirudi jioni anapita moja kwa moja jikoni kwangu, anaketi karibu na moto, anavua viatu, na neno lake lilikuwa moja.

"Wametubadilisha tena."

Basi namwekea chai. Hakunywa chai ya maziwa mengi, alisema inamlaza. Alikuwa akitazama moto muda mrefu kabla ya kuanza kuniambia walichosomeshwa, na akianza anasema kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa. Kwamba wanaambiwa mwalimu asiongee sana, na yule anayewaambia hivyo anaongea toka asubuhi hadi chakula cha mchana. Kwamba wanaambiwa kila mtoto aangaliwe kivyake, na yeye ana darasa ambalo watoto wa nyuma wamekalia dirisha. Alisema amesomea kufundisha kuliko alivyofundisha. Alisema siku moja watamfufua wamwambie kuna semina.

Na hakukosa hata moja, hapo ndipo sikumwelewa. Walimu wengine walikuwa na homa za Desemba, walikuwa na mazishi ya mashangazi waliokwisha kuzikwa. Mwalimu Koros, jirani yetu wa kule chini, alizika mama mkwe mara mbili. Huyu wetu, akiwa na mafua, akiwa na magoti yamevimba, alipanda boda boda alfajiri na ukungu bado umelala barabarani, amejifunga leso kichwani, ameshika mkoba kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilimuuliza kama ni cheti anatafuta. Akaniambia vyeti vimejaa sanduku, panya ndio wanasoma. Nikamuuliza ni nini basi. Akasema, "Na kama siku ambayo sikuenda ndiyo waliyosema kitu?"

Huko semina alikaa nyuma kabisa na sweta mkononi, anafuma. Kijana mmoja mfundishaji kutoka Nakuru mjini, Dennis, kijana msafi wa viatu, alimwomba kwa heshima aweke hiyo kazi chini kidogo. Mwalimu akamwambia masikio yake hayafumi. Wenzake walicheka na Dennis akacheka pia, na siku ya mwisho alipewa ile sweta, kwa sababu alikuwa amekuja Molo na shati tu, mtoto wa watu, anatetemeka akifundisha.

Baadaye zikaja semina za simu. Shuleni hakuna mtandao, kwa nyumba ya mbao hakuna, ila pale kwa zizi, ukisimama upande wa hori, unapatikana. Basi Mwalimu anaweka ndoo kichwa chini, anaketi, simu ameiegemeza kwa nguzo, na ng'ombe wangu Malaika anampumulia shingoni. Siku moja walikuwa walimu wa kaunti nzima humo kwa simu, na mama fulani anaeleza mambo ya maadili, Malaika akalia. Si mara moja. Mfundishaji akasema kwa adabu kwamba mwenye ng'ombe azime sauti. Mwalimu hakujua kuzima. Akaniita nishike mdomo wa ng'ombe. Mimi mwanamke mzima nimemkumbatia Malaika kichwa, huku nasikiliza jinsi ya kumkuza mtoto mwenye maadili. Tulipomaliza aliniambia na mimi nastahili cheti.

Kufundisha kwa njia mpya kulimtoa jasho. Alikuwa amezoea darasa kimya, hata nzi anaomba ruhusa. Sasa anaambiwa kelele ni kusoma. Alijaribu. Nilikuwa napita pale shuleni na maziwa, namwona amesimama mlangoni, mikono mifukoni, watoto wamekaa makundi makundi wanabishana juu ya vijiti, na uso wake ni kama wa mtu anayetazama mvua ikinyeshea nguo alizoanika. Mpaka anastaafu hakuipenda kelele, lakini aliiacha iwe.

Lazima nisimulie ya viazi, kwa sababu huku bado inasimuliwa vibaya. Afisa wa elimu, Bi Akinyi, alikuwa aje kumwangalia akifundisha hesabu. Semina ilikuwa imewaambia watumie vitu vya nyumbani, si kununua. Kwa hivyo jana yake Mwalimu akaambia watoto kila mmoja alete vitu kumi vinavyofanana. Alidhani wataleta mawe, au mabunzi ya mahindi. Lakini ulikuwa mwezi wa kupanda, na katika kila nyumba vitu vinavyofanana vilikuwa vimepangwa vizuri tayari stoo, mbegu za viazi zilizochaguliwa saizi moja na kuachwa gizani zichipue. Watoto walibeba hizo. Na kwa sababu zile chipukizi zilizuia viazi kukaa vizuri juu ya dawati, wakazing'oa zote, moja moja, kwa uangalifu, vile walifundishwa usafi.

Bi Akinyi amekaa nyuma anaandika. Mwalimu anafundisha kujumlisha. Mara mlango unajaa. Baba Kipng'eno, Mama Wambui, mzee Arap Rono na rungu lake, na wengine nyuma yao, wamefuata mbegu. Wakaona afisa mgeni amevaa vizuri, wakanyamaza. Huku kwetu huwezi kugombana mbele ya mgeni. Mwalimu naye, mikono mifukoni, sauti ile ile, akawaambia karibuni wazazi, kila mmoja akae na mtoto wake amsaidie kuhesabu. Wakakaa kwa vile viti vidogo. Mzee Arap Rono akahesabu viazi vyake kwa uchungu, kimoja kimoja, anatazama mahali chipukizi ilikuwa. Bi Akinyi alifurahi mpaka akasimama. Akaandika kwamba hajawahi kuona mwalimu aliyeshirikisha wazazi namna hiyo, na akataka shule nyingine zije zijifunze.

Afisa alipoondoka, matusi yalisikika mpaka kwangu. Jioni Mwalimu alikuja, akavua viatu. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema, "Nimesifiwa," akaanza kucheka, akacheka hadi akashika mbavu, halafu kicheko kikaisha ghafla na akabaki amechoka tu. Msimu huo alizunguka kwa kila nyumba kuomba msamaha. Arap Rono hakuitikia salamu yake hadi mavuno.

Kuomba msamaha kwa ajili ya viazi alijua. Hapo ndipo niliposhangaa.

Sasa nirudi kwa ile semina ya lile neno la zizini, iliyokuwa kabla ya hayo ya viazi. Ni yule Dennis aliyeifundisha. Alibandika ukutani karatasi ya mtoto, maandishi ya mtoto, herufi zimegeuka, nyingine zimelala. Akauliza walimu, mtoto kama huyu mnamwitaje? Ukumbi ukacheka. Mmoja akasema mvivu, mwingine akasema kichwa maji. Mwalimu akasema mzito. Dennis aliwaacha wamalize, kisha akawaambia kuna watoto ambao macho hayana shida na akili haina shida, ila herufi hazitulii kwao kama zinavyotulia kwetu, na mtoto huyo anahitaji kushika herufi kwa mkono, kwa mchanga, kwa udongo, aisikie kabla ya kuiandika. Akasema mtoto kama huyo akipewa mwalimu anayejua, anasoma.

Haya yote aliniambia yeye mwenyewe, jioni hiyo, amesimama. Hakuketi, viatu hakuvua. Nilikuwa nasonga ugali. Aliniuliza kama daftari za Chebet bado ziko. Nikamwambia niliziwashia moto zamani. Akasema sawa. Akaniomba sinia. Nikampa. Akatoka, akachota mchanga pale mafundi walikuwa wamemwaga, akarudi, akasawazisha kwa kiganja, akaandika herufi moja kwa kidole, akaifuta, akaiandika imegeuka. Akaitazama sana. Mimi nimeshika mwiko. Chebet wakati huo alikuwa ameshaolewa Molo, ana mtoto mgongoni.

Nikangoja. Akasema, "Nitakurudishia sinia kesho." Akaenda kulala.

Sinia hakurudisha. Ilikaa darasani kwake, na mchanga, na kila mwaka kulikuwa na mtoto mmoja au wawili waliobaki nayo wenzao wakitoka kucheza. Kulikuwa na mmoja, Kipkemoi wa Mama Joyce, mtoto ambaye ungeapa ni Chebet amezaliwa upya, herufi zote nyuma mbele. Mwalimu alikaa naye mwaka mzima. Chakula chake cha mchana kilipoa kwa ajili ya huyo mtoto. Na Jumapili moja kanisani Kipkemoi akaitwa mbele kusoma somo. Alisoma polepole, kidole kwa mstari, akafika mwisho. Watu wakapiga makofi. Mama Joyce akalia. Mimi nilipiga makofi pia, mtoto hana kosa. Nilipogeuka nilikuta Mwalimu ananitazama kutoka benchi ya pili, kisha akainamisha kichwa kama anayeomba, na maombi yalikuwa bado.

Tulitembea kurudi nyumbani pamoja. Tuliongea juu ya mvua.

Msinielewe vibaya, huyu mtu alikuwa mwema kwangu. Nilipougua kifua, yeye ndiye aliyekama Malaika kabla ya kwenda shule, na koti lake likanuka zizi, na watoto wakamcheka bila yeye kuwafanya kitu. Alifumia wajukuu zangu wote. Sweta za watoto wa Chebet ndizo zilikuwa nzito kuliko zote, zenye mikono mirefu ya kukunja, ili zikae miaka. Nilikuwa nazibeba kwenda Molo na Chebet anauliza nani amefuma. Namwambia Mwalimu. Anasema, mwambie asante. Nampelekea hiyo asante, na Mwalimu anaipokea bila kuinua macho. Nilijua sweta zinasema nini. Lakini sweta haisemi.

Siku alipostaafu, shule ilimpa godoro na birika kubwa, na mwalimu mkuu akahutubia kwamba huyu hajawahi kuacha kusoma. Yeye alikuwa amelala kwa kiti, kweli amelala, mdomo wazi kidogo. Hakuna aliyemwamsha. Wiki hiyo akahama kwenda Nakuru, Kaptembwo, kwa dada yake Rebecca. Aliniachia funguo na nyumba imefagiwa. Nilisimama pale mlangoni nikajua neno nililolingoja limehama naye.

Mwaka jana nilienda Nakuru kuonwa macho, na nikawaomba wajukuu wanifikishe kwake. Anakaa chumba cha chini kwa ploti yenye milango mingi, mitungi ya maji imepangwa nje, pikipiki zinapita karibu na dirisha hadi vikombe vinatetemeka. Koti halikuwepo, Nakuru ni joto kwake. Amekonda. Magoti yamekataa, kutoka kitandani hadi mezani ni safari. Rebecca akatuwekea chai, akatoka kwenda kwa mboga, wajukuu wakabaki nje na simu zao.

Tukataja watu. Nilimpa habari za wote, waliooa, waliokufa, Arap Rono, Mwalimu Koros. Alisikiliza amefumba macho. Nikadhani amelala tena.

"Na Chebet?"

"Yuko Molo. Anauza kabeji na karoti pale stendi."

"Anasoma?"

"Faith wake ndiye anamsomea. Ujumbe ukiingia kwa simu anangoja mtoto atoke shule."

Pikipiki ikapita. Akafungua macho, akanitazama sawasawa, vile hakunitazama miaka hiyo yote.

"Mama Chebet, yule mtoto hakuwa mzito. Mimi ndiye sikujua kumfundisha. Walipokuja kunifunza, alikuwa ameshatoka."

Neno lenyewe ndilo hilo. Nilikuwa nimefikiri nikilisikia nitalia, au nitamwambia vile tunasema hapa, kwamba yameisha, tunywe chai. Nilijitafuta ndani nikakuta uchovu tu, kama umebeba ndoo kutoka mtoni halafu mtu anakupokea mlangoni. Yeye alikuwa anangoja. Uso ulikuwa wa mtu anayeangaliwa na afisa.

Ningeweza kumwambia yameisha. Lakini hayakuwa yangu kuyamaliza.

"Usiniambie mimi," nikasema.

Nikatoa simu. Akaniangalia kama nimetoa nyoka. Akasema mambo kama hayo hayaongewi kwa simu, kwamba atapona kidogo aende Molo mwenyewe. Nikamwambia hayo magoti hayaendi Molo. Akasema basi wewe msalimie kwanza, umwandae. Nikakataa. Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, nikaiweka mkononi mwake, na mikono yote miwili ikaishika.

Kelele za stendi zikajaa chumba, makanga, honi, mtu anaita bei ya vitunguu. "Mama? Umeonwa macho?"

"Chebet," akasema. "Ni Mwalimu."

Kule upande wa pili kitu kikakwaruza chini, kama kreti imesukumwa kwa haraka, na sauti ya mtoto wangu ikawa mbali kidogo na juu kidogo. Nikajua amesimama. Wote aliowafundisha zamani wako hivyo, akiita jina lako unasimama, hata kama una mzigo kichwani, hata kama ni mtu mzima na wateja wako wanakutazama. Mwalimu naye alijua.

"Kaa chini, Chebet," akasema.

Halafu akashika kona ya meza, na kwa yale magoti yake, akasimama yeye.